Charlotte Yuko Kitale

Mliokuwepo wiki jana mnajua nilipomwacha Yasinta. Nilimwacha mlangoni kwake, Fort Worth, mkono kwenye kitasa, na nje amesimama mama wa ofisi ya vocha akibonyeza kengele. Leo mlango unafunguliwa.

Wewe uliyechelewa, nisikuache njiani. Yasinta ni mtu wa Bukoba. Mumewe Patroba alimkimbia akaenda Houston kwa mwanamke aliyemzalia, kwa sababu Yasinta hakujaliwa mtoto. Mgongo wake uliharibikia kwenye ghala la mizigo. Akaomba kibali cha kulea watoto nyumbani, akakihangaikia mpaka akakipata, na nyumba iliyokuwa kimya ikajaa watoto wa watu wanaomwita Mama Yasi.

Kibali kile ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Kikiondoka, anarudi ghalani na mgongo ule ule, na jioni anarudi kwenye nyumba isiyo na sauti. Basi mjue tunachopigania.

Sasa habari ya vocha. Mzazi mwenye kipato kidogo husaidiwa na serikali kulipia malezi. Anapewa kadi. Asubuhi akimleta mtoto anaipitisha kwenye kimashine cha mlezi, jioni akimchukua anaipitisha tena, na malipo yanaingia kwa mlezi. Sharti moja ofisi ililirudia mpaka ikachoka: kadi ni ya mzazi, mlezi haruhusiwi kukaa nayo.

Nani kati yetu alilifuata? Mama anawahi zamu ya alfajiri, mtoto amelala begani, mvua inanyesha, halafu aanze kupekua pochi? Anasema, dada, kaa nayo hiyo. Na Yasinta angekataaje? Mtu amekukabidhi mwanawe, wewe unaikataa kadi yake? Ingekuwa kama kumwambia humwamini, au yeye asikuamini. Kwa hiyo kadi za wazazi wote zililala jikoni kwa Yasinta, kwenye droo ya vijiko, na yeye ndiye aliyezipitisha.

Haya. Yule mama wa vocha aliingia kwa adabu zake, akakataa chai, akawatazama watoto waliokuwa mezani wakila ndizi. Kisha akauliza Charlotte yuko wapi, kwa maana kimashine kinaonyesha kwamba ameletwa asubuhi hiyo.

Yasinta akasema amelala. Yule mama akaomba kumwona.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Yasinta siku ile ilikuwa na urefu wa korido. Walifika chumbani wakakuta kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Yasinta akasema samahani, amesahau, Charlotte yuko kwa bibi yake.

Yule mama akatulia kidogo. Bibi ni jambo la kawaida. Akauliza bibi anakaa wapi. Yasinta akajibu Kitale. Yule mama akauliza Kitale iko karibu na barabara gani kuu, kama ni upande wa Mansfield au huko kuelekea Dallas, maana angependa kupita amwone mtoto kabla ya kurudi ofisini.

Yasinta alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda kidogo. Akasema, Kenya.

Simameni hapo kidogo niwaeleze mtoto alifikaje Kitale, maana najua mmeshaanza kumhukumu.

Charlotte ni wa Lydiah, Mkenya, binti mchapakazi anayesaidia wagonjwa hospitalini huku akisomea unesi. Wote tunasali ibada moja ya Kiswahili. Baada ya Pasaka masomo yakambana, na zamu anapiga mbili mbili. Akafanya tunachofanya sote mambo yakizidi: akampata mtu anayesafiri, akamtuma mtoto kwa bibi.

Halafu akaja kwa Yasinta na machozi. "Auntie, ni two weeks tu," alisema. "Wakiona hakuji, wata-cut hiyo voucher. Na kurudi kwa hiyo line ni miaka. Wewe swipe tu kama kawaida, nikimaliza exam anarudi."

Yasinta alikataa. Alimwambia malipo yatakuwa yanaingia kwake na yeye mtoto hamlei, na hela ya mtoto asiyemlisha haitampita kooni. Wakakaa pale jikoni, wanawake wawili, wakafikiri. Na jibu walilolipata, naapa, walilipata kwa moyo safi. Vocha ni ya nani? Ni ya mlezi. Anayemlea Charlotte sasa ni nani? Ni bibi. Basi hela iende kwa bibi.

Na ilikwenda. Kila Ijumaa Yasinta alituma kwa simu kilichoingia kwa jina la Charlotte, chote, hata ada ya kutuma alilipa mwenyewe. Bibi alirudisha shukrani kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake Charlotte anasikika akipiga kelele, Mama Yasi, nimeona ng'ombe. Wiki mbili zikawa kiangazi kizima.

Chekeni mkitaka. Ofisini kwao huo ni wizi wa hela ya serikali, na sikatai. Lakini mimi ninayewaandikia nimezaliwa katika ukoo ambao hela ya kulea hupelekwa aliko mtoto, na nilipoisikia habari hii mara ya kwanza sikuona kosa liko wapi mpaka nilipoelezwa.

Turudi chumbani. Yule mama wa vocha alimpigia Lydiah palepale, akaiweka simu kwenye spika juu ya kile kitanda. Yasinta akashusha pumzi. Alijua Lydiah ana maneno. Atasema tulikubaliana, tulikosea, tusameheni.

Lydiah alimruka kimanga. Kwa kile Kiingereza chake cha kazini, laini kama anasoma, alisema Charlotte aliacha kwenda pale tangu Pasaka. Alisema kadi aliiacha kwa bahati mbaya, na alipoiuliza aliambiwa imepotea. Alisema inamsikitisha sana, maana yeye alimwamini Yasinta.

Yasinta alisikia kila neno. Kiingereza chake ni cha ghalani lakini masikio yake ni mazima.  Akawa anakunja na kukunjua kiblanketi cha mtoto ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Jioni ile aliandikiwa kwamba watoto wote wa vocha waondoke mpaka kesi yake isikilizwe. Wazazi walikuja mmoja mmoja kuwachukua. Wakampa pole za haraka haraka mlangoni, gari likinguruma. Kabla wiki haijaisha alisikia wamewapeleka wote kwa Kagendo, yule Mkenya mwenye daycare karibu na kanisa. Hakuna aliyemwambia. Alijua alipomwona mtoto mmojawapo dukani akiwa na Kagendo, na yule mtoto akamkimbilia, akamng'ang'ania gauni, akatolewa kwa nguvu.

Usiku huo Yasinta alilia kilio cha mtu aliyefiwa. Amenieleza mwenyewe, na hakuona haya kunieleza.

Ndipo Sadock akaitisha kikao.

Sadock mnamkumbuka, mhasibu wa Mansfield, mwenye nyumba kubwa na sauti ya kusomea masomo kanisani. Ni wa kijiji kimoja na Patroba, kwa hiyo anamwita Yasinta shemeji. Mkewe ni Melania. Kwetu jambo likiharibika hatuendi kwa wakili, tunakwenda kwa mtu mwenye sebule. Jumapili baada ya ibada wakakusanyika kwake, pilau likaliwa, watoto wakafukuziwa juu, mlango wa sebule ukafungwa.

Yasinta alikwenda na matumaini, maskini. Alidhani Lydiah ataambiwa mbele za watu aende ofisini akaseme kweli. Alivaa hata kitenge chake cha sikukuu.

Lydiah alianza kwa kulia. Alikiri yote. Alisema aliogopa, simu ilimkuta wodini, msimamizi wake amesimama pembeni, ulimi ukateleza. Akapiga magoti mbele ya Yasinta kwenye zulia la watu, akamwomba msamaha, na Yasinta akamwinua. Mpaka hapo kikao kilikuwa kizuri.

Kisha Sadock akakohoa. Akasema sasa tutazame mbele. Lydiah amebakiza mtihani mmoja awe nesi. Akiandikwa jina kwenye kesi ya wizi, leseni ya unesi hataiona maisha yake yote, na kule Kitale kuna watu wanaomtegemea.

"Shemeji," alisema Sadock, "wewe umeshaonekana. Huyu bado anaweza kuokolewa."

Yasinta hakuelewa mara moja. Akauliza wanataka afanye nini. Wakamweleza kwa zamu, kila mmoja akiongeza kidogo, kama watu wanaosaidiana kubeba kabati. Aende mbele ya ofisi aseme ni yeye peke yake. Aliikuta kadi, akaitumia, Lydiah hakujua.

"Na hela mnajua ilikwenda wapi?" aliuliza.

"Tunajua," Sadock akajibu. "Ndiyo maana tunakuomba wewe. Hatumwombi mwizi."

Mmesikia hicho? Mtu anavalishwa kilemba cha ukoka huku anapelekwa kuchinjwa. Yasinta akasema risiti za kutuma anazo, zote, na sauti za bibi anazo kwenye simu. Sadock akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema risiti zitamzika Lydiah na hazitamfukua yeye, maana kushika kadi tu ni kosa linalotosha. Wengine wakaitikia. Wakaahidi hawatamtupa. Wakaahidi watoto watarudi kwake kimya kimya, bila vocha, kwa hela ya mkononi.

Watoto wale wale walioko kwa Kagendo.

Nami nilimuuliza Yasinta, nilipofika hapa katika kuandika, kwa nini hakusimama akaondoka. Akanijibu kwamba mtu asiye na mume wala mtoto, katika nchi ya watu, ana kanisa tu. Akilipoteza na hilo, siku akianguka bafuni nani atajua? 

Basi pale kikaoni Yasinta akasema sawa. Kikao kikapiga makofi, eti. Wakaimba pambio na kufunga kwa sala.

Ilipofika saa ya vyombo, Yasinta aliingia jikoni kumsaidia Melania, maana hata ukishatolewa kafara vyombo vya wenyeji havikuachi. Melania alikuwa anasuuza sufuria. Hakumtazama usoni tangu asubuhi, na Yasinta alidhani ni aibu ya kawaida.

Melania akafunga bomba. Akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, zile kadi zetu za zamani, si umeshazitupa?"

"Zipo," Yasinta akasema.

"Zote?"

"Zote. Na yako."

Melania akashika ukingo wa sinki. Na hapo, msomaji wangu, ndipo pazia lilipomwondokea Yasinta machoni.

Vocha, nilisema, ni ya wenye kipato kidogo. Mume ni mhasibu, nyumba ni ya vyumba vinne, magari mawili, vocha ya nini? Lakini Melania aliomba kama mama anayelea peke yake, akaandika anwani ya mdogo wake. Yasinta alilijua hilo siku zote. Sadock ndiye aliyekuja kumchukua mtoto kila jioni, amevaa tai, akiwa baba mzima wa mtoto ambaye kwenye karatasi hakuwa na baba nyumbani. Yasinta hakuwahi kulitamka hata kwa utani. Mambo ya mzazi ni ya mzazi.

Basi kikao kile hakikuwa cha Lydiah. Lydiah alikuwa kisingizio. Pale sebuleni kila aliyeitikia alikuwa na kadi kwenye droo ya vijiko, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa na jambo kubwa kuliko wote la kuficha. Yasinta akikiri peke yake, tena haraka, ofisi inafunga jalada na hakuna anayeuliza zaidi. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Melania akamwomba azilete kabla ya siku ya kesi. Yasinta akasema ataangalia. Akamalizia kufuta sahani, akazipanga kabatini mahali pake, akaaga.

Ofisi ilikuwa imesema itampatia mkalimani kwa simu, bure. Sadock alikuwa amekataa kwa niaba yake. Alisema hawezi kumwacha shemeji yake aongee na sauti asiyoijua. Zamani kidogo Yasinta angeshukuru. Sasa alijua kwamba kila neno lake litapita kwanza kwa Sadock.

Asubuhi ya kesi Sadock alikuja kumchukua mwenyewe, suti, marashi, redio ya gari imezimwa. Hawajafika hata barabara kuu akauliza kadi. Yasinta akasema zipo nyumbani. Sadock akavuta pumzi, akasema si neno, mradi asizitaje. Kisha njia nzima akawa anamfundisha majibu, na Yasinta anaitikia ndiyo shemeji, ndiyo shemeji, mikono imeshika mkoba mapajani.

Kadi zilikuwa ndani ya mkoba huo. Hakujua mwenyewe kwa nini amezibeba. Aliniambia alipoamka alizitoa kwenye droo akitaka kumpa Sadock, yaishe. Alipomwona anashuka kwenye gari na tabasamu lile la ibada, mkono ukakataa.

Chumba kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Alikuwepo yule yule mama wa vocha na mwanamume mmoja mzee aliyekuwa akirekodi. Walimuuliza nani alipitisha kadi ya Charlotte. Sadock akatafsiri.

"Ni mimi," Yasinta akasema.

Mzazi alijua?

 Hapo Yasinta alimwona tena Lydiah amepiga magoti kwenye zulia. Alimsikia pia kwenye spika. Akasema lile alilokubali kulisema. "Hakujua."

Sadock alilitafsiri hilo vizuri sana, hata akaongeza majuto ambayo Yasinta hakuyasema. Yule mama akaandika. Akaeleza kwamba kwa jibu hilo kibali kinafutwa, na hataruhusiwa kulea mtoto wa mtu tena katika jimbo hili. Sadock akamtafsiria polepole, mkono begani kwake, sauti ya msibani.

Yasinta alikuwa ameshalielewa kwa Kiingereza kabla halijafika kwa Kiswahili. Akalisikia mara mbili.

Sadock akaanza kuchukua koti lake. Lakini yule mama hakufunga kompyuta. Akasema bado ana swali moja la mwisho, la kawaida, wanaloulizwa wote. Je, amewahi kukaa na kadi ya mzazi mwingine yeyote?

Sadock akaketi tena. Alimgeukia Yasinta, akatafsiri swali kama lilivyo, neno kwa neno. Halafu, bila kubadilisha uso wala sauti, kama vile bado anatafsiri, akaendelea, "Shemeji, sema hapana. Wewe huna unachokipoteza tena. Sisi tuna watoto."

Sisi tuna watoto.

Maneno yale yalikuwa ya Patroba. Ndiyo Patroba aliyoyasema siku anapakia mabegi kwenda Houston, kwamba mwenzake ana mtoto, na yeye Yasinta hana cha kupoteza. Wanaume wa kijiji kimoja, kumbe na ulimi wanagawana.

Yasinta aliutoa mkono wa Sadock begani kwake, taratibu, akauweka juu ya meza.

"Shemeji, hili usitafsiri," alisema.

Akamgeukia yule mama. Kwa Kiingereza chake cha ghalani, kilichovunjika huku na huku lakini chake mwenyewe, akamuuliza kama mtu aliyesema uongo sasa hivi anaweza kuruhusiwa kuanza upya, na kama akisema yote, yote kabisa, kibali chake kinaweza kutazamwa tena. Huku anauliza alikuwa anafungua zipu ya mkoba.

Yule mama aliutazama mkoba. Kisha akamtazama Sadock kwa muda mrefu, ile tai, lile jasho lililoanza kumtoka juu ya mdomo. Akamwomba mkalimani atoke nje.

Sadock hakuinuka.